Taa za Kioo za Normande Daigle

Normande Daigle aliiuza saluni yake ya Madawaska, mji wa Marekani ulio kando ya mto unaopakana na Kanada, mwaka aliofiwa na mumewe, na watu wakadhani sasa atakaa nyumbani afume soksi. Hakukaa. Alitia mikasi, rola, vitana na beseni la plastiki ndani ya mkoba wa ngozi uliokuwa wa marehemu, akaanza kuwafuata wateja wake wa zamani majumbani. Wengi walikuwa vikongwe. Mmoja nyonga zimemgoma, mwingine anaogopa barafu ya ngazini, mwingine hatoki nje tangu azikwe mwanawe. Kila Normande alipoambiwa kwamba wanawake hao hawaendi popote, hivyo nywele za nini, alijibu, "Anayekwenda kanisani ana kofia. Asiyekwenda ana kioo tu."

Gari lake lilikuwa Benzi la dizeli, la rangi ya maziwa, ambalo marehemu mumewe, Philias, alilinunua likiwa tayari limezeeka, akalipenda kuliko alivyopenda ng'ombe wake. Asubuhi za baridi lilikohoa kama mzee mvuta kiko, kisha likaondoka na halikusimama njiani. Kila kitu chake kilikuwa kizima isipokuwa taa. Zilikuwa za duara, mbili kila upande, na mwanga wake ulikuwa wa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Wakati wa kiangazi haikuwa na neno. Lakini katika Bonde, kama watu walivyoliita bonde la mto ule, mwezi Novemba ukishaingia, jua huzama watu wakiwa bado na chai ya alasiri mkononi, na barabara ya kati ya vijiji haina taa hata moja, ni misitu na mashamba ya viazi yaliyolala chini ya theluji.

Ndipo yakamfika. Alikuwa anatoka kumtengeneza bibi mmoja huko Sainte-Agathe, giza linaingia, anaendesha taratibu na redio ikisali rozari. Mbele yake akaona miti minne membamba imesimama katikati ya barabara. Akajiuliza nani kapanda miti hapa. Kisha miti ikapiga hatua. Alikuwa musi, yule mnyama wa misitu ya kaskazini aliye mrefu kuliko farasi, ambaye mwili wake mweusi hukaa juu ya mwanga wa taa kiasi kwamba mtu huona miguu tu, na akiona kitu kingine basi ni tumbo likiingia kwa kioo cha mbele. Normande akakata usukani. Benzi likaserereka, likaingia mtaroni na kuzama kwenye theluji laini mpaka milangoni. Musi akamtazama, akatafuna kilichokuwa mdomoni, akaenda zake.

Mkulima aliyemvuta kwa trekta alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na komeo. Kufikia Jumapili habari ilikwishafika mji wa Caribou kwa Colette, binti wa pekee wa Normande. Colette akaja baada ya misa, akasimama jikoni bila kuvua koti.

"Mama, nipe funguo."

"Za nini? Za stoo?"

"Unajua za nini."

Mezani alikuwapo Rosaire, mdogo wake marehemu Philias, mstaafu wa kiwanda cha karatasi, kapera tangu azaliwe. Kila Jumapili alikuja kula ploi, zile chapati nyembamba za njano zenye matundu kama sega la nyuki, na alizila kwa siagi na sukari guru huku akilalamika kwamba za mama yake zilikuwa laini zaidi. Safari hii alikuwa amenyamaza, na kwa Rosaire hiyo ilikuwa ishara ya homa au ya wazo.

"Colette, mwanangu," akasema, "kabla hujamnyang'anya mama yako funguo, umewahi kuliendesha lile Benzi gizani?"

"Baba mdogo, tafadhali usimtie moyo."

"Simtii moyo. Nakwambia zile si taa, ni vibatari. Hata musi mwenyewe alisimama pale kumsaidia kutafuta barabara."

"Ana miaka sitini na minane!"

"Nipo hapa hapa," Normande akasema. "Msinihesabu kama magunia."

Rosaire akauweka uma chini na kueleza, jambo ambalo alilipenda karibu kama ploi. Wajerumani walipolibuni gari lile, alisema, walilipa macho mazuri, taa pana ya kioo kila upande, kioo chenye mistari iliyopangwa kwa hesabu ili mwanga uende unakotakiwa. Lakini sheria ya Marekani ya siku hizo ilitaka taa za duara zilizofungwa kabisa, za aina moja kwa magari yote. Basi kila Benzi lililopanda meli kuja huku lilitolewa macho yake na kubandikwa yale. "Ni kama kumchukua bibi harusi mzuri ukamvika miwani ya babu yake," akasema. "Tukimrudishia macho yake, shemeji ataona mpaka dhambi za watu."

Colette hakucheka. Alimpenda mama yake, na mapenzi yakichanganyika na hofu hutoka kama amri. Wakavutana mpaka kahawa ikapoa, wakakubaliana hivi: mpaka Krismasi Normande ataendesha mchana tu. Krismasi ikifika na mambo ni yale yale, funguo zitakwenda Caribou.

Walipoondoka, Normande aliosha vyombo polepole. Aliitazama balbu ya jikoni, akafumba jicho la kulia. Balbu ikavaa duara la ukungu, kama mwezi wa kuamkia mvua. Akafumba la kushoto, duara likatoweka. Akakausha mikono, hakumwambia mtu.

Tatizo lilikuwa kwamba taa zile hazikupatikana. Muuza vipuri wa mjini alicheka tu, na kuagiza kutoka Ujerumani kungechukua muda mrefu kuliko uliobaki kabla ya Krismasi. Lakini Rosaire, ambaye alimjua kila mtu mwenye gari bovu pande zote mbili za mto, alikumbuka jambo. Jeshi la Kanada lilipofunga kambi zake kule Ujerumani, baadhi ya askari walirudi na magari yao. Ng'ambo ya mto, upande wa Kanada, karibu na Saint-Jacques, kulikuwa na sajenti mstaafu aitwaye Léonce Violette, na ndani ya banda lake lilikuwamo Benzi la aina ile ile, lenye macho yake ya kuzaliwa nayo, lisilotembea tena.

Wakavuka daraja siku ya Alhamisi, asubuhi kweupe. Léonce alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyenyooka kana kwamba bado anakaguliwa. Aliwaonyesha gari. Kutu ilikuwa imekula milango, kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma, lakini taa mbili za kioo zilikuwa nzima kabisa, zikitazama mlango wa banda kama zinangoja mtu. Rosaire akashindwa kujizuia, akazipapasa.

"Haziuzwi," Léonce akasema.

"Sajenti, gari lenyewe halitembei tena."

"Hata mimi sitembei vizuri. Mbona hujaniomba macho?"

Rosaire akajaribu huku na huku, akataja bei, akataja majira, akataja musi. Léonce akatikisa kichwa tu. Wakati huo sauti ya mwanamke ikasikika kutoka nyumbani, nyembamba lakini yenye mamlaka.

"Léonce! Ni nani hao?"

"Watu wa ng'ambo, Ida. Wanaondoka."

"Kuna mwanamke, nimemsikia. Mlete ndani, kabla hajaganda!"

Ida, mke wa Léonce, alikuwa kitandani tangu apigwe na kiharusi. Chumba kilikuwa safi, shuka zimenyooshwa kijeshi, na ilionekana wazi kwamba mumewe alimtunza kwa kila kitu alichokijua. Kitu kimoja hakukijua. Nywele za Ida, nyeupe na nyingi, zilikuwa zimejisokota kisogoni zikawa fundo kama kiota. Normande alisalimia, akakaa ukingoni mwa kitanda, na macho yake yakaenda moja kwa moja pale.

Ida akaona anapotazama. "Usiseme kitu," akasema. "Huyu mzee anajua kung'arisha buti. Nywele anazichana kama anapiga deki."

"Bi Ida, mimi kazi yangu ni hiyo hiyo."

"Kung'arisha buti?"

"Nywele."

Ida akatabasamu kwa upande mmoja wa midomo, ule uliokuwa bado unamtii. "Basi Mungu ana adabu," akasema. "Amenitumia nilichoomba, na hata sikuomba kwa sauti."

Rosaire akatumwa kuleta mkoba. Normande akachemsha maji mwenyewe kwenye jiko la watu bila kuuliza, akaweka beseni chini ya kichwa cha Ida, akafungua lile fundo uzi kwa uzi kwa vidole na mafuta, bila kuvuta hata mara moja. Ida alifumba macho, akaanza kusimulia. Kule Ujerumani, alisema, ndiko alikojifunza gari, na alijifunzia lile lililoko bandani. Léonce alikuwa kambini wiki nzima, yeye akawa anawapeleka wake wa askari wengine sokoni, hospitali, mara nyingine kwenye dansi. Barabara zilipanda milima ya misitu kwa kona kali. "Nilikuwa naziona kona zote," akasema. "Ukungu, mvua, vyovyote vile. Taa zile zilinitangulia kama mbwa mwaminifu."

Normande alimkatia ncha, akamzungushia rola, akamkaushia taratibu, akampa kioo. Ida akajitazama sana. Hakulia. Aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, kama msichana anayejipima kofia dukani. Kisha akapaza sauti.

"Léonce! Mtolee huyu mama zile taa!"

Léonce akaja mlangoni. Alikuwa amefungua mdomo apinge, lakini alipomwona mkewe akaingia polepole, akasimama miguuni pa kitanda. "Ida," akasema, "lile gari letu..."

"Letu? Nililiendesha mimi. Wewe ulikuwa unakoroma kiti cha pembeni kutoka kambini mpaka baharini. Zitoe."

Alizitoa mwenyewe, hakumruhusu Rosaire kushika spana. Alizifuta kwa mkono wa sweta, akazifunga kwenye blanketi la jeshi, akazibeba mpaka garini kama anabeba watoto mapacha. Malipo akayakataa. Akasimama akitazama theluji.

"Huyu mama atarudi?" akamwuliza Rosaire, kana kwamba Normande hayupo.

"Nitarudi, Mzee Léonce," Normande akasema. "Alhamisi baada ya ijayo. Na usimchane mpaka nije."

Darajani, ofisa wa forodha akainamia dirishani. "Mmebeba nini?"

"Macho," Rosaire akasema.

"Ya nani?"

"Ya hili tulilopanda."

Ofisa akafunua blanketi, akaona vioo, akamtazama Rosaire ambaye alisoma naye shule moja, akaandika anachotakiwa kuandika, akawapungia mkono.

Kazi ya kuzifunga waliifanyia katika ghala la viazi la Rosaire, ambalo nusu yake iko ardhini na haliingii baridi kali. Rosaire alikuwa amesema ni kazi ya asubuhi moja. Ikawa ya Ijumaa nzima na nusu ya Jumamosi. Taa za duara ziligoma kutoka, skrubu mbili zilikuwa zimeshikana na kutu, na moja ikakatika kichwa. Watu wa Bonde wakitukana hutaja vyombo vya kanisani, na Rosaire alianzia kwenye kikombe, akapanda hadi tabernakulo, akashuka kwa mishumaa.

"Bado maji ya baraka, shemeji," Normande akasema, akimshikia tochi.

"Hayo nayaweka akiba. Waya bado."

Na kweli waya zilikuwa kazi. Soketi za zamani hazikufanana na za kioo, na waya zenyewe zilikuwa zimezeeka na kuwa nyembamba kwa balbu mpya. Rosaire alivuta waya nene kutoka kwenye betri, akafunga relei mbili, swichi ndogo za kupitishia umeme mwingi, akaweka fyuzi zake, akajaribu. Hakukuwaka kitu. Akajaribu tena, ikawaka moja, nyingine ikafumba kama jicho linalokonyeza.

"Inakutaka," Normande akasema.

"Ingekuwa ya kwanza."

Kumbe alisahau kufunga waya wa ethi kwenye bodi upande wa kushoto. Alipoufunga, ukuta wa ghala ukawaka mweupe. Normande akapiga kelele kidogo. Mwanga wa zile taa za duara siku zote ulikuwa ukimwagika tu, kama maji yaliyopindukia ndoo. Huu ulikuwa umekatwa juu kwa mstari ulionyooka, ili usimpofushe anayekuja, na upande wa kulia mstari ule ulipanda kuelekea ukingoni mwa barabara, kule wanyama wanakosimama. Rosaire akachora alama ukutani kwa chaki, akakaza skrubu hii, akalegeza ile, akarudi nyuma, akafumba jicho moja kama mpiga bunduki, mpaka taa zote mbili zikakaa mahali pake.

Walitoka saa kumi na moja jioni, kiza kimeshashika. Normande aliendesha. Aliona nguzo za ua ambazo hakuwahi kujua zipo. Aliona visanduku vya barua na majina ya watu yaliyoandikwa juu yake. Aliona mtaro wake mwenyewe, ule uliommeza, na alama za trekta bado zimeganda. Aliona mbweha anavuka mbali kabisa, bila haraka. Akawaza jinsi Philias alivyoendesha miaka yote ile akiinamia usukani, na kusema ndivyo usiku ulivyo.

Kisha lori la magogo likaja mbele yao. Taa zake zikavaa duara la ukungu, pana, upande wa kushoto. Normande akapunguza mwendo, akasogea pembeni, akasimama. Lori likapita.

"Nini?" Rosaire akauliza. "Imezima?"

"Taa ni nzuri, shemeji. Sijapata kuona taa nzuri hivi." Akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Jicho langu la kushoto ndilo baya. Nimelijua tangu majira ya mavuno. Sikumwambia Colette."

Rosaire akavua glavu, akazitupa juu ya dashibodi. "Umeniacha nitukane kanisa zima kwa siku mbili," akasema, "halafu gari linaona kuliko wewe."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika kwamba Colette atafurahi. Toka, niendeshe mimi."

Jumatatu Normande mwenyewe akampigia Colette simu Caribou, akamwambia habari ya jicho. Daktari alimtazama jicho, akasema ni mtoto wa jicho, jambo la kawaida, hutolewa na mtu akalala kwake siku hiyo hiyo. Rosaire alipoambiwa alijipiga paja. "Mtoto? Kwa umri huo? Philias kaburini atataka kujua baba ni nani!" Normande akamrushia taulo la vyombo, likamkaa usoni.

Colette ndiye aliyempeleka kwenye upasuaji, akamshika mkono kabla na baada. Njiani wakirudi, akiwa ameliona jicho la mama yake limefunikwa, hofu yake ilipata njia nyingine ya kutoka.

"Kwa hiyo nilikuwa nasema kweli," akasema.

"Nusu," Normande akajibu. "Na baba yako mdogo nusu. Mkiunganishwa nyinyi wawili mnatoka mtu mmoja mwenye akili."

Krismasi ikapita, na funguo zikabaki kwenye msumari wake karibu na mlango. Ilibaki taabu moja. Kila mwaka gari lilipotakiwa kukaguliwa, Rosaire alizitoa taa za kioo, akarudisha zile za duara kama sheria inavyotaka, akalipeleka likaguliwe, kisha akarudi ghalani kubadilisha tena huku akinung'unika. Normande alimpikia ploi siku hizo, nyingi, na akavumilia kusikia habari za ploi za mama mkwe.

Na Alhamisi alivuka daraja. Alimwosha Ida, akamkata, akamzungushia rola, na Ida akamsimulia misitu ile na dansi zile, mara nyingine kisa kile kile kwa mwisho tofauti. Léonce alijifunza kushika kitana. Alijifunza vibaya, lakini alijifunza. Wakati mwingine alitoka nje Normande akiondoka, akasimama theluji ikimfika vifundoni, akatazama zile taa zikigeuka uani mwake na kwenda.

Ida alifariki majira ya baridi yaliyofuata, usingizini. Léonce alipiga simu mwenyewe. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba wenye nyumba ya maziko, wale wanaoandaa maiti, wana mtu wao wa nywele, lakini yeye hamtaki mtu wao.

Siku hiyo theluji ilikuwa inaanguka, na Colette alikuwa amekuja kumtembelea. Akasema hamwachi mama yake aende peke yake, akavaa buti. Hakuomba usukani. Kwenye nyumba ya maziko alikaa kwenye kiti kando ya ukuta, akamtazama mama yake akimtengeneza Ida kama alivyomtengeneza siku zote, akizungumza naye polepole, akimwambia kwamba maji si moto, kwamba sasa anageuza kichwa kidogo, hivyo, basi. Mwisho Normande akampa Léonce kitana ampitishe mara moja. Mzee akampitisha taratibu, akakirudisha, akatoka nje.

Walirudi jioni kiza kikiingia. Theluji ilikuwa imepungua. Colette alikaa wima mwanzoni, mkono umeshika mlango, macho yakiwa barabarani. Mbele yao dunia ilikuwa wazi hadi mbali, nguzo baada ya nguzo, na kuta za theluji pande zote mbili.

"Akina Cyr wamepaka nyumba rangi lini?" akauliza.

"Zamani. Tangu Agosti."

"Sikuwahi kuiona."

"Unapita mbio."

Colette akaulegeza mkono mlangoni. Akauliza kama mama amechoka, mama akasema hapana. Akauliza kama Bi Ida alikuwa na watoto, akaambiwa hakujaliwa. Baada ya hapo hakuuliza tena. Normande alipogeuka kidogo akamwona kichwa kimeangukia dirishani, mdomo wazi, amelala fofofo kama alivyokuwa akilala akiwa na miaka minne, akitolewa kwa bibi yake Jumapili jioni na Philias kwenye usukani.

Akaizima redio. Alipofika njia ya kuingia nyumbani Colette bado alikuwa amelala, naye hakukata kona. Aliendelea polepole, akapita ghala la Rosaire, akapita daraja dogo, mpaka kanisa la kijiji cha pili. Akageuzia gari pale uwanjani, akaanza kurudi.